Mtoto Ambaye Hakuwahi Kuanguka

Vijana wa kitengo cha mazoezi ya viungo, mliniaga vizuri. Mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kidogo kwa mtu ambaye ndiyo kwanza ameambiwa hana tena pa kuwahi, na mkaniomba niandike niliyoyaona kazini. Basi nimekaa barazani kwangu hapa Nachingwea, nimeandika. Mambo ya vyeo sitayagusa. Yako kwenye majalada ya utumishi na hayamfundishi mtu kitu. Nitawaeleza nilivyoanza na nani alinifundisha, kisha nitawaeleza habari ya mtoto wa Chiola, ambayo mmekuwa mkiisikia nusu nusu kwenye korido, kila anayeisimulia akiongeza lake. Aliyekuwepo ni mimi.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino kirefu. Nilikuwa nimetoka kwetu Newala na cheti kipya, nikidhani nitapewa chumba chenye mashine kama zile za chuoni. Nikapelekwa nyuma ya wodi ya wanaume, kwenye banda lililowahi kuwa stoo ya magodoro. Ndani mlikuwa na mianzi miwili iliyofungwa sambamba kwenye nguzo, kioo kirefu kilichopasuka pembe moja, ngazi fupi ya mbao isiyokwenda popote, mpira uliopungua upepo, na Mzee Chilumba.

Mzee Chilumba ndiye aliyekuwa msimamizi wa banda. Alikuwa mfupi, mkimya, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu akitembea mpaka mwenyewe anasahau anatembeaje. Akanitazama viatu.

"Binti, na hivyo ndivyo utafundishia watu kutembea?"

Kesho yake nilikuja na malapa, na mpaka nastaafu sikuvaa tena kisigino kazini.

Wiki za mwanzo alinikataza kumgusa mgonjwa. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kigoda na kutazama. Mgonjwa akiingia getini, kabla hajafika mlangoni kwetu, nilitakiwa niwe nimeshasema uzito wake umekaa wapi. Nikitazama miguu, mzee ananikemea. "Achana na miguu. Tazama bega, tazama shingo. Jiulize uzito wa huyu mtu uko wapi, na nani anaubeba." Mtu mwenye fimbo, uzito wake uko kwenye fimbo. Mtu anayemwegemea mkewe, uzito uko kwa mkewe, na ukimwondoa mke ghafla mgonjwa anakwenda chini. Ukishalizoea jambo hilo huwezi kuliacha. Mpaka leo nikiwa harusini nakaa nikipima watu wamesimamaje, badala ya kula pilau.

Kwa watoto alikuwa na namna yake. Kina mama wengi walituletea watoto waliochelewa kutembea. Wengine walikuwa wamepata shida wakati wa kuzaliwa, wengine walikuwa wazima kabisa ila mtoto wa jirani ameshaanza kukimbia na wa kwao bado anatambaa. Mzee Chilumba alimvua mtoto nguo, akamlaza kwenye mkeka, akaanza kumtafuta makovu. Magotini, kidevuni, kwenye paji la uso. Akiyapata, uso wake unakunjuka. "Huyu ameshaanza kazi," anasema. Mtoto anayejifunza kutembea anaanguka kutwa nzima, kwa makalio, kwa magoti, kwa pua, na ndivyo mwili wake unavyojua ardhi iko wapi. Msisahau hilo. Na msimwache mama amshike mtoto mkono juu na kumkokota. Mtoto anayeshikwa juu hatembei, ananing'inia. Mshikeni nyonga, au kaeni mbele yake na kitu anachokitaka, halafu muwe na moyo wa kumwona akianguka.

Mmoja wa watoto wangu wa mwanzo alikuwa Somoe, kutoka Chiola. Alizaliwa na mguu kifundo wa kulia, unyayo umegeukia ndani kama mtu anayeficha kidole. Mama yake alimleta amechelewa, kwa sababu kijijini walimwambia utanyooka wenyewe. Tulimfunga hogo, ile plasta ngumu ya mguuni, tukalifungua, tukamnyoosha, tukalifunga tena, wiki baada ya wiki. Mguu ulikubali kiasi, si wote. Somoe akatembea, lakini kwa mwendo wake mwenyewe. Alikanyagia ubavu wa nje wa unyayo, nyonga ya kulia ikadondoka kidogo, na kabla ya kuuweka mguu chini aliuzungusha kwa nje, kana kwamba anachota mchanga. Nimetazama watu wakitembea kwa miaka mingi na sijaona mwingine mwenye mwendo ule. Ungemjua kwa kivuli.

Mama yake, ambaye tangu siku hizo tunamwita Mama Somoe, alikuwa mgonjwa mgumu kuliko mtoto. Hakuweza kumwachia. Somoe akiyumba tu, mama ameshafika, ameshamdaka. Ikabidi Mzee Chilumba awe anamtuma karanga sokoni ili mtoto apate kuanguka kwa amani.

Miaka ikaenda. Mzee Chilumba alistaafu, akafariki, banda likavunjwa, tukapata chumba chenye sakafu ya vigae inayowatelezesha wagonjwa. Mimi nikawa mtu wa kuzunguka vijijini. Niliwahi kufika Lionja mchana mmoja, mji mtupu, nikakuta kichwa na mikono ya mtoto vimetokeza ardhini katikati ya uwanja. Mtoto ametulia, ananitazama. Nilisimama pale nimekufa ganzi mpaka nikasikia mchi unatwanga nyuma ya nyumba. Walikuwa wamemchimbia shimo na kumfukia mchanga mpaka kifuani ili azoee kusimama dede. Ni dawa ya zamani, na mchanga ukiwa hadi kiunoni si mbaya sana. Nawaeleza hili mjue kwamba mimi si mtu wa kuona vitu. Kila nilichoshtukia kazini, nilitafuta mchi unaotwanga nyuma ya nyumba, na karibu mara zote niliupata.

Somoe alikua, akaolewa na kijana wa Ruangwa aitwaye Hamisi, muuza vipuri vya pikipiki. Nilikuwa nikimwona sokoni Ruangwa siku za kliniki, namtambua kwa mbali kwa mguu ule unaochota. Akajifungua mtoto wa kike, Salma. Mtoto akiwa bado hajajua hata kukaa, Somoe akaugua homa, akafa. Alizikwa Chiola kwao. Siku ya mazishi nilikuwa safarini, nikachelewa. Mtoto akabaki kwa bibi yake.

Ilipita kama mwaka na zaidi. Siku ya kliniki Ruangwa, Hamisi akaingia amembeba Salma, nyuma yake mke wake mpya, Asha, binti mpole mwenye macho ya wasiwasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyu ndiye mtoto wa Somoe?"

"Ndiye. Nataka kumchukua nikae naye mwenyewe. Lakini mama, hatembei. Nimempeleka wamempiga picha ya nyonga, wanasema mzima."

Nikamvua nguo, nikamlaza. Misuli mizuri, nyonga nzuri, miguu yote miwili imenyooka. Nikamtafuta makovu kama nilivyofundishwa. Hakuwa na hata moja. Ngozi ya magoti ilikuwa laini kama ya mtoto aliyezaliwa jana.

"Hajawahi kuanguka?"

"Kwangu hatembei, ataangukaje?" Hamisi akasita. "Kwa bibi yake anatembea. Nimemwona kwa macho yangu. Lakini kuanguka, hapana. Sijamwona akianguka."

Nikamgeukia Asha. Nikamuuliza nyumbani inakuwaje wakimsimamisha.

"Anasimama dede kidogo," akasema. "Ananyoosha mkono juu, hivi. Anangoja. Halafu anakaa chini analia."

"Anangoja nini?"

Akamtazama mumewe kwanza. "Sijui, mama. Anangoja tu."

Hamisi akamtuma nje na mtoto, kisha akanisogelea. Alisema atamrudisha Chiola jioni hiyo, kwa sababu mtoto akikaa kwake hali chakula. Lakini Ijumaa baada ya swala atakwenda na watu, wajomba zake na mganga, wamchanje mtoto miguu na kumtaka bibi aseme amefanya nini. "Yule mama kuna kitu anakifuga pale," alisema. "Watu wa Chiola wenyewe wameanza kusema."

Mnajua mambo yalivyo kwetu. Mwanamke mzee anayeishi peke yake, akishaitwa mchawi mbele ya watu, usalama wake umekwisha. Nikamwomba aniache niende kwanza mimi.

Nilikwenda siku ya pili yake. Ulikuwa msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, ile dawa ya unga wa njano, na hewa yote ilinuka kama kiberiti. Dereva wa bodaboda alinishusha barabarani, akasema njia ya ndani ina mchanga, pikipiki haipiti. Njia ilikuwa nzuri tu. Nikatembea. Unga wa njano ulikuwa umekaa juu ya majani, juu ya paa, juu ya uwanja wa Mama Somoe uliofagiliwa asubuhi. Hapakuwa na upepo. Kwenye nyumba za jirani sikusikia redio wala mtoto.

"Karibu, mwalimu," Mama Somoe akasema. Aliniita hivyo tangu enzi za banda. Alikuwa amekaa mlangoni anapepeta ufuta, amekonda lakini uso umetulia, ametulia kuliko nilivyotarajia kwa mtu aliyefiwa na mwanawe wa pekee. Tukasalimiana, nikampa pole niliyokuwa nimeichelewesha. Kisha nikaomba nimwone mtoto akitembea.

Akamtoa Salma ndani, akamweka kwenye kizingiti, akarudi kwenye ungo wake.

"Humshiki?" nikauliza.

"Kuna haja gani?"

Salma akasimama. Akainua mkono wa kushoto juu, juu kabisa, vidole vikafunga kama mtoto anavyofunga kidole cha mtu mzima. Akangoja kidogo. Kisha akaanza kutembea.

Nilitazama mabega, kama nilivyozoea. Mtoto anayejitegemea, uzito wake uko kati ya miguu yake. Ukitoka nje kidogo tu, anaanguka. Uzito wa Salma ulikuwa nje. Alikuwa ameegemea kushoto, bega limevutwa juu mpaka karibu na sikio, mwili umelala upande kwa namna ambayo hakuna mtoto, hakuna mtu yeyote, anayeweza kubaki amesimama. Nilingoja aanguke. Hakuanguka. Alikuwa anatembea ameegemea hewa.

Na mguu wake wa kulia, ule mzima nilioukagua siku iliyopita, ulikuwa unachota. Nyonga inadondoka, unyayo unazunguka kwa nje, unatua kwa ubavu. Mtoto huyu hakuwahi kumwona mama yake akitembea akaweza kumwiga. Mwendo ule niliufundisha mimi, kwenye mianzi miwili, kwa mtu mwingine.

Akapita katikati ya uwanja. Kuku wakampisha, lakini walizunguka mbali, wakaacha nafasi kubwa kushoto kwake, nafasi ya mtu. Nikainama nikatazama nyayo kwenye ule unga wa njano. Zilikuwa za mtoto tu. Za kulia zilikuwa zimezama, za kushoto hazikugusa sana, kama mguu ulioshushwa na mtu taratibu.

Mbele yake mchi ulikuwa umelala chini. Kidole chake kikagonga mchi. Nikaruka kwenda kumdaka, na sikumfikia, kwa sababu hakuhitaji. Miguu yake yote miwili ikaachana na ardhi, akapita juu ya mchi akining'inia kwa ule mkono mmoja, akatua upande wa pili, akaendelea.

Mama Somoe hakuinua macho kwenye ungo. "Polepole, mama," akasema.

"Unamwambia nani?"

"Wote wawili."

Nilikaa chini. Yeye akaendelea kupepeta, akanieleza kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za shamba. Salma alipoanza kujivuta kwenye ukuta ili asimame, siku moja bibi alirudi kutoka kisimani akamkuta katikati ya uwanja, mkono juu, anakwenda. Alidondosha ndoo. Kisha akautazama mguu.

"Nikamjua kwa mguu," akasema. "Nikasema, karibu mwanangu. Tangu siku hiyo sijalia."

Nikamweleza niliyopaswa kumweleza. Kwamba mtoto ana miguu mizima lakini anajifunza ulemavu usio wake, na mifupa ya umri ule inakubali haraka unachoiambia. Kwamba hatembei mahali pengine popote, kwa hiyo atakuwa mfungwa wa uwanja huu. Kwamba Ijumaa Hamisi anakuja na watu, na nini kitafuata.

"Waje," akasema.

"Mama Somoe, mtoto lazima aachiwe."

Hapo ndipo alipoweka ungo chini. "Wewe na mzee wako mliniambia hivyo zamani. Mwachie, mwachie. Nikamwachia. Akaenda Ruangwa, akarudi kwenye sanda. Simwachii tena, mwalimu. Nisamehe."

Salma alikuwa amefika kwenye mkorosho wa pembeni, amesimama anacheka, ameinua uso kama mtoto anavyomtazama mtu anayemchekesha.

Ijumaa nilifika mapema, jua likiwa kichwani. Sikumwambia mtu yeyote hospitali. Ningesema naenda kufanya nini? Hamisi na watu wake walikuja baada ya swala, wanaume watatu na mganga mwenye mkoba wa ngozi begani. Walisimama njiani, kwenye ukingo wa uwanja. Nikamfuata Hamisi.

"Baba Salma, ingia peke yako kwanza. Nikishindwa, nitakaa pembeni."

Akawatazama wajomba zake, akaingia. Alichuchumaa karibu na ukuta, jasho linamtiririka. Salma alikuwa ameshaanza safari yake ya uwanja, mkono juu, mguu unachota. Hamisi aliuona mguu. Akafunika mdomo kwa kiganja.

Mimi nikaenda upande wa kulia wa mtoto, nikamshika mkono wa kulia. Nimeshika mikono ya watoto wengi pamoja na kina mama zao, mama huku na mimi huku, mtoto katikati. Unaisikia nguvu ya yule wa pili kupitia mwili wa mtoto. Inakuja kwenye kiganja chako, unajua kama ana haraka, kama anaogopa. Siku ile niliisikia. Ilikuwa imara, haikuwa na papara, ilikuwa inakwenda hatua kwa hatua, kwa mdundo wa mtu anayechechemea.

Nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri, "Somoe. Ni mimi. Umefanya kazi nzuri, mtoto amejua. Mwachie."

Nguvu ikaongezeka. Salma akanyooka kati yetu, mikono yote miwili imevutwa, akaanza kulia. Nyinyi mnajua kiwiko cha mtoto kilivyo chepesi kuchomoka. Anayemtaka mtoto awe mzima havutani. Nikaachia mimi. Salma akayumbishwa upande ule mwingine, bega limekunjamana, akapiga ukelele wa maumivu. Ulikuwa ukelele ambao sidhani kama aliwahi kuutoa maishani mwake.

Mama Somoe alisimama. Alikuwa mlangoni muda wote, mikono kifuani, kama mtu aliyejiandaa kunishinda. Lakini kilio kile alikisikia kama alivyokisikia kila mtu. Alikuja mpaka katikati ya uwanja, akasimama mbele ya mtoto, akainua macho, akatazama mahali fulani juu ya ule mkono mdogo, kimo cha uso wa mtu. Akasema kwa Kimwera. Kimwera changu ni cha sokoni, lakini maneno yale niliyaelewa.

"Somoe, mwanangu. Unamuumiza. Mwachie mtoto. Njoo kwangu."

Hakuna kilichotikisika. Majani yalikuwa yametulia, na unga wa njano umekaa pale pale. Kisha mkono wa Salma ukashuka. Ulishuka pole pole, ukakaa ubavuni, vidole vikafunguka.

Akaanguka kifudifudi.

Alianguka kama gunia, bila kutanguliza mikono, kwa sababu hakujua. Mdomo ukapasuka, damu na unga vikachanganyika usoni. Hamisi akaruka, nikamkamata shati kwa nyuma.

"Usimguse!"

"Anatoka damu!"

"Naona. Usimguse."

Mama Somoe alikaa chini hapo hapo, akakalia viganja vyake mwenyewe. Salma alilia mpaka pumzi ikamwishia, akatuinulia uso mmoja mmoja, na hatukumwendea. Sijui kama nimewahi kufanya jambo gumu kuliko lile la kusimama tu. Kisha akaacha kulia. Akatazama mchanga. Akaweka viganja chini, akainua makalio juu, akakaa hivyo kama mbuzi anayenusa, akiufikiria ulimwengu, halafu akajisukuma, akasimama dede.

Mikono ilikuwa chini, imetanuka kidogo pembeni. Uzito ulikuwa kati ya miguu yake.

Alipiga hatua moja akaanguka kwa makalio. Akasimama. Akapiga mbili tatu, si kuja kwetu, bali kumfuata jogoo aliyekuwa amesogea sana, akaanguka tena, safari hii ametanguliza mikono. Mguu wa kulia ulikanyaga bapa. Haukuchota. Hamisi alikuwa analia na kucheka, shati lake bado liko mkononi mwangu.

Baadaye alijifuta uso, akaenda kwa wale waliokuwa njiani. Niliwaza atawaambia nini. Nikamsikia akisema, "Mtoto mzima. Alichelewa tu. Twendeni, nimewasumbua bure." Mganga akauliza kitu, Hamisi akamshika begani, akamgeuza. Wakaondoka. Neno lile la kumhusu mama yule halikusemwa mbele ya watu siku ile, wala baadaye.

Salma alikaa Chiola wiki chache zaidi, mimi nikienda kumtazama. Alijaa makovu kila mahali. Kisha Hamisi akamchukua. Sasa anasoma Ruangwa, na Asha, anayemlea kama wake, alinilalamikia siku moja sokoni kwamba mtoto hakai chini, anapanda kila kitu, amevunja bakuli, amevunja jino. Nilimtazama akikimbia mbele yetu kati ya meza za nyanya. Mwendo wake ni wa kwake tu.

Mtaniuliza nini maelezo yake. Najua maelezo mnayoyataka, nami nimeyatafuta kwa nia njema. Mtoto anaweza kuzoea kuinua mkono, anaweza kuzoea uwanja mmoja, bibi mwenye majonzi anaweza kumfundisha mwendo bila kujua. Yote hayo yanawezekana. Hakuna linaloeleza nilichokisikia kwenye kiganja changu, na mimi viganja ndivyo nilivyofanyia kazi.

Kabla ya kustaafu nilipita Chiola kumuaga Mama Somoe. Hamisi amemwomba mara nyingi ahamie Ruangwa akae karibu na mjukuu, hataki. Nilimkuta uwanjani, mchana, amekaa kwenye mkeka mpana anabangua korosho. Mkono wake ulikuwa mwepesi na uso wake mkunjufu. Tulisalimiana kwa muda mrefu, akaniuliza habari za Salma, nikamwambia habari ya jino, akacheka mpaka akakohoa. Nilikuwa nimechoka na njia. Nikavua malapa, nikainama nikae kwenye nafasi iliyokuwa wazi kando yake.

Akanigusa goti, kwa upole.

"Hapo pana mtu, mwalimu," akasema. "Zunguka, ukae upande huu."

Nikazunguka.